Usiweke Jibu Langu

Nyemba,

Salamu utazipata kwa mama yako, ambaye tangu asubuhi anakupikia kuku huku analia ndani ya moshi. Mimi leo nina hasira, na mwenye hasira akianza kwa kuuliza hali ya mtu, anadanganya. Kwa hiyo sikuulizi.

Nimerudi darasani. Wanafunzi wametoka, jua bado linapiga dirishani, na ubao uko mbele yangu. Nyumbani nisingeweza kuandika: shangazi zako wamejaa, mabegi yamejaa, na kila anayekuja kukuaga anakaa mpaka ale. Mambo ya safari mama yako amekwisha kukuambia mara nne, nami nilikuwa nasikia kupitia ukutani: mzigo usiuache kwa mtu usiyemjua, maji uyachemshe, Jumapili uende misa. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia tangu mwezi wa tano.

Ni ile hesabu ya faktoriali.

Nitaiandika hapa hatua kwa hatua, kana kwamba huijui. Wewe unaijua. Mimi ndiye ninayepaswa kuiandika kwa mkono wangu. Namba ikifuatwa na alama ya mshangao, maana yake shuka kutoka hapo mpaka moja, ukizidisha kila namba unayoikanyaga njiani. 4! ni nne mara tatu mara mbili mara moja, ishirini na nne. Tukijifunza mifuatano, tunataka kujua hatua moja ni kubwa mara ngapi kuliko ile iliyoitangulia, basi tunagawanya, na faktoriali ya juu inakatana na ya chini. Ukigawa (n+1)! kwa n!, inabaki n+1. Hapo hakosei mtu, hata mbuzi. Lakini mfuatano ukiwa na (2n)!, n ikipanda kwa moja, 2n inapanda kwa mbili, na hatua inayofuata ni (2n+2)!. Ukigawa hiyo kwa (2n)!, mimi nilifundisha kwamba inabaki 2n+2. Nimefundisha hivyo miaka kumi na saba.

Si kweli. Inabaki (2n+2)(2n+1). Kuna namba katikati, nami niliiruka.

Niliipata wapi? Katika daftari la maandalizi. Unalijua, wewe mwenyewe umelifunika kwa karatasi ya kaki kila mwezi wa tisa. Vitabu hatuna, kwa hiyo daftari la mwalimu ndilo kitabu. La kwangu nilinakili kutoka kwa mwalimu wangu kule Kabondo-Dianda, naye alinakili kwa mwingine, na huyo mwingine Mungu ndiye anajua. Kila mwaka ninanakili upya, ninapiga mistari kwa rula, ninapeleka kwa prefe, mkuu wa shule, anatia saini. Anakuja inspekta, anatia muhuri kwamba ameona. Ameona nini? Ameona pembezoni ni safi na tarehe zimeandikwa. Miaka kumi na saba ya saini na mihuri chini ya kosa lilelile, na hakuna hata mmoja aliyechukua namba ndogo akajaribu! Nina hasira na mikono yote iliyotia saini pale, na wa kwangu ndio ulioanza.

Jumanne ile ya mwezi wa tano, darasa lilikuwa limejaa, watatu watatu kwenye kila dawati. Niliandika 2n+2, nikapiga mstari chini yake mara mbili, ukanyoosha mkono. Shuleni huniiti papa, unaniita Prof kama wenzako. Tulikubaliana hivyo tangu siku ya kwanza, ili wenzako wasiseme.

"Prof, kuko namba moja tumeruka."

"Namba gani?"

"Ya katikati. Kutoka 2n+2 kufika ku 2n, lazima kupita ku 2n+1. Treni haiwezi kuruka gare, hata kama haisimame."

Hiyo ya treni uliipata kwa babu yako, baba wa mama yako, aliyefanya kazi ya reli mpaka mgongo ukapinda, na ambaye alikukaririsha vituo vyote vya njia kabla hujajua kushika kalamu. Ukiruka kimoja, alikurudisha mwanzo. Darasa likacheka. Leo najua walicheka kwa sababu walikuwa wameelewa. Siku ile nilisikia dharau tu.

"Daftari hii iko na muhuri ya inspekta," nikasema. "Weye uko inspekta?"

"Hapana, Prof. Lakini tutie moja pa fasi ya n, tuone."

Tutie moja! Ingechukua nusu dakika, na chaki ilikuwa mkononi mwangu. Nikakuambia upige magoti.

Ulipiga magoti kwenye saruji, uso ukutani, mpaka kengele ilipolia. Nikawaamuru wenzako waimbe 2n+2 kwa Kifaransa, "deux n plus deux", mara kumi, kama watoto wa shule ya msingi. Nikakuamuru na wewe uimbe. Ukaimba. Sauti yako niliisikia juu ya sauti zote, haikutetemeka, na mimi mpumbavu nikaona nimeshinda.

Kupigisha watu magoti sikukubuni mimi. Kule Kabondo-Dianda nilitoka shambani kwa baba yangu na miguu ina udongo wa mihogo, nikakaa dawati la nyuma, na siku moja nikauliza kwa nini 0! ni moja. Kama hakuna kitu, moja inatoka wapi? Mwalimu alinichapa viganja vyote viwili, akasema ni hivyo. Basi nikaiweka kichwani hiyo "ni hivyo", nikaja nayo mpaka hapa Kamina. Nilipokuwa na miaka arobaini, siku moja nakunywa chai, nikaona: 3! ukiigawa kwa tatu unapata 2!, hiyo ukiigawa kwa mbili unapata 1!, na hiyo ukiigawa kwa moja unapata 0!, nayo ni moja. Basi. Hakuna uchawi wowote. Nilikasirika hata chai ikanipalia. Nilitaka kumtafuta mzee yule nimrudishie fimbo zake, lakini alikwisha kufa. Na wiki ileile nikamfukuza darasani mtoto aliyeuliza swali. Ndivyo nilivyokuwa, Nyemba. Nilielewa hesabu, sikuelewa fimbo.

Jioni ya Jumanne ile nilikaa nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku, nikachukua kijiti. Nikatia moja mahali pa n, kama ulivyosema. Juu, 4! ni ishirini na nne. Chini, 2! ni mbili. Ukigawa, kumi na mbili. Kwa kanuni yangu inatoka nne. Kwa kanuni yako, nne mara tatu, kumi na mbili. Nikatia mbili, nikidhani labda moja ina ukorofi wake. 6! kwa 4! ni thelathini. Kwa kanuni yangu sita, kwa yako sita mara tano. Nikafuta kwa mguu.

Unasikia? Nilijua. Jioni ileile nilijua. Mtihani wa serikali ulikuwa bado wiki tano, nami nilikuwa na vipindi vinne vya hesabu kila wiki. Nilijiambia nikirudi nyuma sasa, watoto hawataamini chochote nilichowafundisha. Nilijiambia swali kama hilo halitatoka. Nilijiambia nitalirekebisha kwenye marudio. Maneno matupu. Ukweli ni kwamba sikutaka mtoto wangu awe amesema kweli mbele ya watu na mimi nikiwa nimesema uongo. Nilipendelea darasa zima likosee pamoja nami.

Na swali likatoka.

Sikulijua mpaka mwezi wa tisa, nilipokutana na Ilunga, yule aliyekuwa anakaa nyuma yako. Alikuwa na mzigo wa sabuni kichwani, anampelekea mama yake anayeuza kule Base, kambi ya jeshi, kwa wake za askari. Diploma hakupata, wewe wajua. Akashusha mzigo, akanisalimu kwa mikono miwili.

"Prof, ile ya factorielle ilitoka! Tuliweka bote 2n+2, sawa vile tuliimba. Hata Nyemba aliweka."

Alikuwa anajivuna, Nyemba. Alikuwa ananishukuru. Anafikiri hilo ni moja ya maswali aliyopata. Sijui kama swali lile ndilo lililomwangusha. Maswali yalikuwa mengi, na Ilunga na hesabu hawakuwahi kupatana. Lakini sijui, na kwa kuwa sijui siwezi hata kujisamehe vizuri. Nilimsaidia kuinua mzigo wake, basi, kama mtu mwema.

Nikaja nyumbani. Ulikuwa unatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Ku examen, ile ya factorielle, uliweka nini?"

"Ya weye, papa." Wala hukuacha kutwanga.

"Ulijua haiko vile?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini?"

Ndipo ukaacha mchi. Ukasema polepole, kama mtu anayemfafanulia mgonjwa dawa yake: "Kama minyi peke yangu ningepata, na bengine bote bakose, bantu bangesema eti papa yangu anafundisha mutoto wake muzuri, batoto ba bantu anabadanganya. Njo maana niliweka ya weye."

Nikatoka, nikabamiza mlango. Ulidhani nimekukasirikia. Ulidhani sawasawa.

Nina hasira na wewe, sikufichi. Ulikuwa na jibu la kweli kichwani, na penseli mkononi, na mimi sikuwepo chumbani humo kukupigisha magoti. Hakuna aliyekulazimisha. Ulichukua kitu chako ukakifukia ili kunisitiri mimi, mzee mzima, ambaye nilijua kosa langu na nilikuwa na mdomo wa kulisema. Nani alikutuma? Wazee wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulilisikia la mkuu neno kwa neno, na guu likavunjika palepale. Methali hiyo bila shaka waliitunga wakuu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikulea hivyo. Mtoto wa kwanza, msichana, hajibu, harudii swali, anaitikia. Wageni walikusifu, "huyu mutoto iko na heshima," na mimi nikavimba kichwa. Nilidhani ni heshima. Nusu yake ilikuwa woga, nami ndiye niliyeupanda na kuumwagilia maji.

Sasa tufike kwenye Jumapili iliyopita, maana hapo ndipo penyewe.

Baba yako mdogo alikuja kutoka Lubumbashi, akakaa kwenye kiti changu baada ya misa, akasema mambo yamekwisha: utakaa kwake, utasoma biashara, ukimaliza utaingia kwenye depo yake kupanga bidhaa na kusimamia wafanyakazi. Nilisema, kwa sauti ndogo, kwamba wewe ulikuwa unataka hesabu. Akanicheka mimi, kaka yake mkubwa.

"Hesabu njo nini, yaya? Akuwe mwalimu sawa weye?"

Akakugeukia, akakuuliza kama unakubali. Ukanitazama mimi kwanza. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Ukasema, "Ndiyo, papa."

Nilipoisikia sauti ile, niliitambua. Ni ileile, Nyemba. Ni sauti iliyoimba ukutani, safi, bila kutetemeka. Miezi yote hii mama yako ananiambia unaamka kabla ya watu kufanya mazoezi ya mifuatano ambayo hakuna aliyekupa, na karatasi unaziweka chini ya godoro kama mtu aliyeiba. Unajua unachokitaka. Umeweka jibu langu tena, na safari hii swali si moja kati ya mengi. Ni maisha yako.

Kwa hiyo leo asubuhi nilianza na pale palipo karibu. Saa ya kwanza, niliingia kwa wanafunzi wa mwaka huu, wadogo zako, nikaandika ile hesabu ubaoni, nikawaambia: mwaka wa shule uliopita nilifundisha hivi, na miaka yote kabla ya hapo, na ni uongo. Nikatia moja, tukapata kumi na mbili. Nikawaambia ni mwanafunzi aliyeliona, nikamtaja jina, nikasema nilimpigisha magoti. Prefe alikuwa anapita kwenye veranda, akasimama, akasikiliza, akaenda zake; kesho ataniita. Nikauliza kama kuna swali. Kuna msichana mmoja, mdogo, anakaa karibu na mlango. Akanyoosha mkono.

"Prof, na bale ba mwaka ya kupita?"

Nikamwambia akae. Kisha nikamwambia asimame tena, nikamwambia swali lake ni zuri, na jibu lake sina. Jumamosi nitaenda Base nimtafute Ilunga, nimwambie alichokosea si chake, na mwaka huu akitaka kurudia mtihani nitamfundisha mwenyewe. Akinitukana, atakuwa na haki. Wengine nitawatafuta mmoja mmoja. Nimechelewa, lakini nitakwenda.

Nitalia nikishamaliza hasira. Bado sijamaliza.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nibaki hapa mpaka jioni. Baba yako mdogo alituachia fomu mbili za kujiandikisha chuo, moja ya kutumia na moja ya akiba kama tukiharibu. Ile ya kwanza aliijaza yeye mwenyewe, mahali pa masomo akaandika biashara. Hiyo nimeichana leo mchana nilipopita nyumbani, nikaitia jikoni kwa mama yako, ikaivisha kuku wako. Mama yako aliniona. Alisogeza tu sufuria ili moto ushike vizuri.

Ya pili imo ndani ya barua hii. Nimejaza jina lako, siku ya kuzaliwa, jina langu, jina la mama yako. Nimetia saini mahali pa mzazi. Mahali pa masomo nimeacha wazi.

Usiharakishe kufurahi, na usiharakishe kuandika hesabu. Nakujua. Utasoma barua hii, utasema, papa amebadilika, papa sasa anataka niandike hesabu, basi niandike ili moyo wake upone. Ukifanya hivyo utakuwa umeweka jibu langu mara ya tatu, nami nitalijua, hata kama ni sahihi. Huenda biashara unaitaka kweli na mimi ndiye nisiyeona. Huenda kuna kitu cha tatu ambacho hujawahi kukitaja kwa sababu hakuna aliyekuuliza. Fanya kama ulivyotaka kunifundisha: tia namba ndogo, jaribu, tazama kinachotoka. Kisha andika kwa kalamu, si kwa penseli.

Baba yako mdogo atakasirika. Atasema mimi ni mtu wa kunakili madaftari, na hapo hatakosea. Mwache aje kwangu. Ukifika kwake, msalimu kwa heshima, fanya kazi za nyumba yake, na akikuuliza nani ameichana fomu, mwambie ni yaya wake, kaka yake mkubwa. Akikuonyesha mlango, nenda kwa masista wa parokia ya huko; mama yako anamjua mmoja, nami nilikwisha kumwomba akupokee.

Na kesho sitakuja gare kukupandisha treni. Shangazi zako watasema mengi, mama yako atasema nina homa, waache. Sababu yake ni hii. Ninajua kabla ya kupanda utageuka kunitafuta. Tangu ulipokuwa mdogo hujawahi kupanda kitu, kuvuka kitu, wala kujibu kitu bila kunitazama usoni kwanza. Utanitazama, na fomu utakuwa nayo mkononi, na mimi, ninavyokupenda, nitatikisa kichwa. Sijui hata nitakuwa nakubali nini.

Kwa hiyo usinitafute. Panda.

Baba yako